Mita moja ya getini haitoshi
Eti kiwanda kikishakaguliwa matumizi ya stima, bili itashuka yenyewe? Sikubali. Kanuni za 2012 hapa Kenya zilitaka kiwanda kinachotumia uniti 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe angalau kila miaka 3, sawa, lakini ripoti nimeziona zikilala kabatini. Sisi tulipofungia kompresa (mashine ya kushindilia hewa) mita yake peke yake ndipo tukagundua kwamba Jumapili, mashine nyingine zote zimezimwa, yenyewe bado inakula stima: hewa ilikuwa ikivuja kwenye mipira na viungio. Dawa ikawa povu la sabuni la kutafutia matundu, na spana (bosi alikuwa ameshaulizia bei ya kompresa mpya!). Mnaofanya kazi viwandani, kwenu mita ziko ngapi?