Mmoja milioni, mwingine posho

Zile orodha za mastaa wanaolipwa zaidi kwa filamu moja zinanikera. Watu wanashangilia mamilioni, hakuna anayeuliza aliyecheza naye kaondoka na ngapi.

Chukua All the Money in the World, Marekani, 2017. Kevin Spacey aliondolewa kwa tuhuma za unyanyasaji wa kingono, akaingizwa Christopher Plummer, ikabidi vipande virudiwe Novemba, wiki chache tu kabla filamu haijatoka. Kwa marudio hayo Mark Wahlberg alilipwa dola milioni 1.5. Michelle Williams, mhusika mkuu mwenzake, akaambulia posho ya dola 80 kwa siku. Jumla yake haikufika hata dola 1,000! Kazi ileile, tena wakala wao ni kampuni moja. Na dada wa watu alikuwa amejitolea kwa moyo mweupe, akasema wachukue hata likizo yake ilimradi kazi iishe. Hilo ndilo linaloniuma hasa.

Habari ilipovuma Januari 2018, Wahlberg akazitoa zile hela zote kwa mfuko wa Time's Up, unaosaidia kisheria walionyanyaswa kingono kazini, kwa jina la Williams. Sawa, nampongeza. Je, zisingejulikana?