Lancia Stratos, bingwa aliyeshindwa na Peugeot

Safari Rally ya Pasaka mwaka 1975 ilichukuliwa na Ove Andersson wa Sweden, akiendesha Peugeot 504. Ndiyo 504 hiyo hiyo ambayo Wakenya wengi waliijua kama teksi ya masafa marefu, abiria wamebanana na mizigo imefungwa juu. Wa pili alikuwa Sandro Munari na wa tatu Björn Waldegård, wote wawili ndani ya Lancia Stratos, gari la Kiitaliano lililobuniwa kwa ajili ya rali na si kwa jambo jingine lolote.

Matokeo hayo huwa nayakumbuka kila ninapowasikia wapenzi wa magari wakibishana. Kundi moja linaapa kwamba Stratos ndilo gari bora la rali lililowahi kuundwa. Jingine linasema ulikuwa ujanja wa kanuni tu: gari la mashindano lililovalishwa namba za barabarani.

Kabla yake, viwanda vilichukua gari linalouzwa dukani, vikalikaza, vikaliongeza taa na kulipeleka porini. Lancia wenyewe walifanya hivyo na Fulvia, ambayo Munari aliishindia rali ya Monte Carlo mwaka 1972. Mkuu wa timu yao, Cesare Fiorio, ndiye aliyeugeuza utaratibu huo: gari la rali litangulie, mnunuzi atafutwe baadaye. Umbo lilitoka kwa Bertone, kampuni ya Kiitaliano ya kubuni magari, kwenye kalamu ya Marcello Gandini, yule yule aliyechora Lamborghini Miura. Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya Turin, Bertone walileta Stratos Zero, kabari yenye kimo cha sentimita 84 ambayo dereva aliingilia kwenye kioo cha mbele. Husimuliwa kwamba Nuccio Bertone, mkuu wa kampuni hiyo, aliiendesha hadi langoni mwa kiwanda cha Lancia, akapita chini ya kizuizi bila kusubiri kifunguliwe.

Stratos yenyewe ilipokuja ilikuwa na milango miwili, fupi na pana, imejibana chini. Wazungu huliita gari la namna hiyo coupe. Ukilitamka neno hilo Kiswahili unapata kupe, na ukiitazama Stratos kwa upande hutakosea sana. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.18 tu, kwa hiyo inaingia kona kabla dereva hajamaliza kufikiri. Akizubaa, inaendelea kugeuka hata pale asipotaka. Kioo cha mbele kimejipinda kuzunguka pembeni kama cha helmeti. Fungua mlango uone: ndani yake mmechimbwa mfuko mpana wa kuwekea helmeti. Pa kuweka kikapu cha sokoni ni shida, ila helmeti ina nyumba yake.

Injini ilikaa nyuma ya viti, V6 ya lita 2.4 kutoka Dino ya Ferrari, nguvu za farasi 190 kwa toleo la barabarani. Enzo Ferrari alisita kuitoa. Lakini tangu mwaka 1969 Fiat ilikuwa inaimiliki Lancia na nusu ya Ferrari, na mwishowe injini zikapatikana.

Wanaolaumu wana hoja. Kanuni za Kundi la 4, daraja la mashindano ambamo Stratos iliingizwa, zilidai magari 500 ili gari liruhusiwe kushindana, baadaye 400. Idadi inayotajwa sana ya Stratos zilizotengenezwa ni 492, na hata hizo baadhi zilikaa miaka bila mnunuzi. Nani angelinunua gari lenye joto na kelele, ambalo ukirudi nyuma huoni kitu, tena wakati bei ya mafuta imepaa? Ford walikuwa wakishindana na Escort, gari ambalo ndugu yake wa bei nafuu hata karani angeweza kulimiliki. (Leo Stratos halisi huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, lakini hiyo ni biashara ya matajiri wanaokusanya magari.)

Hata hivyo, siwezi kuuita udanganyifu. Kanuni ilikuwa wazi kwa wote, ni Lancia tu waliothubutu kuisoma hadi mwisho. Walitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1974, 1975 na 1976, na Munari akashinda Monte Carlo mara tatu mfululizo kuanzia 1975. Baadaye Fiat waliihamishia fedha 131 Abarth, gari lao wenyewe la rali, kwa sababu 131 ya kawaida ndiyo waliyotaka kuiuza. Bado Mfaransa Bernard Darniche, akiwa na Stratos isiyo ya timu ya kiwanda, alishinda Monte Carlo ya 1979 kwa tofauti ya sekunde sita. Mwaka 1981 akashinda tena, safari hii rali ya kisiwa cha Corsica.

Ninapotofautiana na mashabiki ni kwenye lile neno lao, "bora kuliko yote". Monte Carlo na Corsica ni kona na milima, mahali pa gari jepesi linalogeuka upesi. Safari ilikuwa kilomita maelfu za vumbi, mashimo na ule udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na haikuuliza nani ana kasi kwenye kona. Mwaka 1976 Joginder Singh aliichukua na Mitsubishi Lancer, Lancer nyingine mbili zikimfuata. Mwaka 1977 alishinda Waldegård, safari hii akiwa na Escort, na Munari na Stratos yake wakawa wa tatu. Kushika nafasi ya pili na ya tatu kwenye Safari si aibu. Lakini gari lililozaliwa kwa kazi moja tu, likashindwa kuipata rali ngumu kuliko zote, halistahili sifa hiyo.

Lancia waliipata Safari mwaka 1988, Miki Biasion akiwa kwenye usukani. Gari lilikuwa Delta Integrale, lenye viti vya nyuma, buti na mlango wa kila abiria.