Gallardo la Balboni: gari lililopunguzwa ili liendeshwe

Mwaka 2009 Lamborghini, kampuni ya magari ya kasi ya Italia, ilitoa gari ambalo karibu kila namba ya kwenye kipeperushi chake ilikuwa chini ya ile ya ndugu yake aliyekuwa tayari sokoni. Gallardo LP 560-4 lilikuwa na nguvu za farasi 560, likifika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.7 na kuishia kilomita 325. Gallardo LP 550-2 Valentino Balboni likaja na farasi 550, sekunde 3.9 na kilomita 320. Yalitengenezwa 250 tu. Kiwanda kilitoza wateja kwa kuwapunguzia, na wateja wakalipa.

Jina la gari ni la dereva wa majaribio wa kiwanda. Valentino Balboni aliingia kiwandani, mjini Sant'Agata Bolognese, mwaka 1968 akiwa kijana wa fundi, akapanda hadi kuwa dereva wa majaribio mwaka 1973, akastaafu 2008 baada ya miaka 40. Alianza kazi enzi za Miura, akaziishi enzi za Countach na Diablo la mwanzo, magari yote yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake. Halafu mwaka 1993 likaja Diablo VT lenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, Audi ikanunua kampuni mwaka 1998, na Murciélago pamoja na Gallardo yakazaliwa yote mawili na mfumo huo wa manne. Mzee alipoagwa, zawadi iliyomfaa ilikuwa kurudisha kilichokuwa kimeondoka: gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma peke yake.

Habari hiyo ni nzuri, na hapo ndipo mashaka yanapoanza. Kuondoa vipuri, kuchora mstari mweupe na wa dhahabu kuanzia boneti hadi mkia, kubandika kibao chenye saini na namba, kisha kuita toleo maalumu: biashara ya magari imejaa hila za namna hiyo. Je, hili nalo ni mojawapo?

Tuanze na kilichotolewa. Kwenye LP 560-4 injini imelala kwa urefu nyuma ya viti na giaboksi iko nyuma ya injini. Ili magurudumu ya mbele nayo yapate nguvu, shafti inapaswa kusafiri kurudi mbele, kupitia kiungo cha majimaji mazito kinachogawa nguvu, hadi kwenye difu ya mbele, na kutoka hapo ekseli mbili fupi hadi kwenye magurudumu. Katika hali ya kawaida nguvu iliyo nyingi, karibu asilimia 70, inakwenda nyuma; ya mbele huongezeka ya nyuma yakianza kuteleza. Kwenye la Balboni vyote hivyo havipo. Uzito mkavu, yaani bila mafuta na vimiminika vingine, ukashuka kutoka kilo 1,410 hadi 1,380.

Piga hesabu: 1,410 kwa farasi 560 ni kilo 2.52 kwa kila farasi; 1,380 kwa 550 ni kilo 2.51. Kwa uwiano wa nguvu na uzito magari haya ni pacha. Basi zile sekunde 0.2 hazitokani na farasi 10 waliopungua. Zinatokana na tairi, pale gari linapoondoka likiwa limesimama na tairi mbili zinalazimika kufanya kazi ya nne.

Tofauti ni ndogo namna hiyo kwa sababu ya mahali injini ilipo. Gallardo hubeba takriban asilimia 57 ya uzito wake nyuma, na ukikanyaga mafuta uzito mwingine unahamia hukohuko. Tairi za nyuma ni za upana wa milimita 295, za mbele 235. Kwa hiyo ukiwa kwenye lami kavu, magurudumu ya mbele ya LP 560-4 hayana uzito wa kutosha kusaidia sana, na gari likishachanganya mwendo msaada wake unapungua tena. Anayesema mfumo wa manne ni wa lazima kwa farasi 550 amesahau injini imekaa wapi.

Lakini anayesema hauna maana naye hajaendesha kwenye mvua. Nguvu ya kuzungusha ya Nm 540 kwenye tairi mbili pana, barabara ikiwa na maji, ni jambo la kuhesabiwa milimita za mguu. Tairi pana haikati maji vizuri kama nyembamba. Hupanda juu yake mapema zaidi. Kwenye barabara ya mlimani yenye mabaka ya unyevu chini ya miti, mwenye LP 560-4 atatoka kona akiwa amekanyaga nusu wakati mwenye la Balboni bado anasubiri. Kwa mtu anayetaka gari moja la mwaka mzima katika nchi ya baridi, mjadala unaishia hapo, na jibu si la Balboni.

Kwa wengine, tofauti inaanza kusikika mikononi. Gurudumu la mbele linalopokea nguvu ya injini lina kazi mbili, kukata kona na kuvuta gari, na hiyo ya pili hupeleka vishindo vyake kwenye usukani. Likibaki na kazi moja, usukani unakuwa mwepesi kidogo na unazungumza: unahisi tairi ikianza kuchoka kabla haijaachia. LP 560-4 lina tabia inayojulikana ya kukataa kona, pua ikisukumwa nje dereva anapokanyaga mapema. Kwenye la Balboni tabia hiyo imepungua sana, ila haikuisha, kwani pua nyepesi ni pua nyepesi. Ukiingia kona kwa kasi huku umeshaachia breki yote, bado itatoka nje.

Dawa yake ni breki. Punguza mwendo kwenye mstari ulionyooka, pangua gia, kisha uingie kona ukiwa bado umegusa breki kidogo, ukiiachia polepole kadiri unavyozidi kukata usukani. Uzito unabaki juu ya tairi za mbele na pua inatii. Katikati ya kona gusa mafuta kidogo tu, ya kulishikilia gari lisipungue wala lisiongeze mwendo. Kukanyaga kwenyewe kunasubiri usukani uanze kurudi. Kila unaponyoosha usukani ndipo mguu unashuka.

Kosa la kuogopwa ni kuachia mafuta ghafla katikati ya kona. Uzito unaruka mbele, tairi za nyuma zinabaki tupu, na injini iliyo nyuma ya mgongo wako inataka kuendelea na safari yake. Mkia unazunguka kama nyundo kwenye kamba. Springi, shokabsoba na stebilaiza zilipangwa upya kwa ajili ya gari hili, na difu ya nyuma ina kufuli la asilimia 45 linalozuia gurudumu la ndani kuzunguka bure. Vitu hivi vinafanya mserereko uje taratibu na kwa taarifa. Haviondoi fizikia. Mkia ukishaanza kutoka, geuza usukani uelekee unakotaka gari liende, shikilia mafuta pale yalipo au yapunguze kwa unywele, na usiguse breki.

Vifaa vya elektroniki vya kumwokoa dereva vipo. Kwenye magari yenye giaboksi ya e-gear, ile ya kubadilisha gia kwa vidole nyuma ya usukani, hali ya Corsa, ile ya mbio, ilirekebishwa ili iruhusu magurudumu ya nyuma kuteleza zaidi kabla ya kompyuta kuingilia. Hapa tunafika kwenye kiini cha mabishano, kwa sababu 250 hizo hazikutengenezwa sawa. Baadhi zina gia sita za mkono na kijiti kinachopita kwenye bati lenye njia zilizokatwa. Nyingine zina e-gear.

Watetezi wa e-gear wana hoja ya maana. Mkia ukianza kutoka, mikono miwili iko kwenye usukani. Kompyuta haikosei kulinganisha mzunguko wa injini wakati wa kupangua gia, kosa ambalo kwenye gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma linaweza kufunga magurudumu kwa nukta moja na kuanzisha mzunguko wenyewe. Kwenye uwanja wa mbio, saa itasema e-gear.

Tatizo ni kwamba e-gear si giaboksi ya klachi mbili kama ya Huracán lililofuata. Ndani yake ni giaboksi ileile ya mkono, yenye klachi moja inayobanwa na kuachiwa na pampu ya haidroliki. Ukibadilisha gia huku umekanyaga katikati ya kona, nguvu inakatika, halafu inarudi kwa kishindo, na kishindo hicho kinashukia kwenye tairi mbili pekee zinazolisukuma gari. Kwenye LP 560-4 kishindo kinagawanywa kwa tairi nne. Yaani kuondoa nguvu ya mbele kulikoza kasoro ya e-gear. Kwa mkono, unaiachia klachi kwa ulaini unaoutaka mwenyewe. Gari lililoundwa ili dereva asimamie kila kitu halikupaswa, kwa maoni yetu, kuuzwa na kompyuta inayosimamia klachi.

Mfukoni pia tofauti ipo. Klachi ya e-gear huisha kwa namna inavyotumiwa. Kwenye foleni, kila gari linaposogea hatua mbili kompyuta huiacha klachi ikisuguana nusu-nusu. Kurudi nyuma kwenye mteremko ni kubaya zaidi. Mwenye nidhamu huweka gia huru akisimama, husubiri pengo la kutosha kabla ya kusogea, na hashikilii gari mlimani kwa mafuta bali kwa breki. Kubadilisha klachi si kazi ya asubuhi moja: bampa la nyuma na ekzosi hutolewa kwanza, ndipo giaboksi ishushwe. Pampu ya haidroliki nayo huchoka. Ukiisikia inaunguruma mara kwa mara gari likiwa limesimama, shinikizo linavuja mahali au kitunza-shinikizo kimekufa, na pampu inafanya kazi ya ziada kufidia.

Kwa hiyo anayekagua gari la e-gear aombe mashine ya uchunguzi isome kiasi cha klachi kilichobaki kabla hajazungumza bei. Anayekagua la mkono ana swali jingine: limezaliwa hivyo au limegeuzwa? Kwa kuwa giaboksi ni moja, mafundi hugeuza e-gear kuwa ya mkono, na wengine hufanya kazi safi kabisa. Linaendesha vizuri, ila si gari lilelile kwa mkusanyaji. Nyaraka za kiwandani zinazotaja namba ya chasi ndizo zinazoamua.

Tairi nazo. Magari haya hukaa sana gereji, hivyo kashata zake, yaani meno ya tairi, huonekana mpya wakati mpira umekauka. Tazama namba nne za mwisho kwenye ubavu: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi ya nyuma ya umri huo kwenye gari hili ni hatari hata ikiwa na manyoya yake ya kiwandani, na kufunga mpya mbele huku nyuma ukiacha kuukuu ndiyo njia ya haraka ya kulipeleka gari ukutani kwa mkia.

Kuna pigo moja dhidi ya la Balboni ambalo wanaolipenda hawapendi kulitaja. Mwaka 2010 kiwanda kilianza kuuza LP 550-2 la kawaida, bila mstari na bila saini: farasi 550 walewale, magurudumu yaleyale ya nyuma. Baadaye likaja la wazi, lenye paa linalofunguka. Mwaka 2015 Huracán nalo likapata LP 580-2, safari hii bila gia za mkono kabisa. Kiwanda chenyewe, kwa hiyo, kilikiri kwamba utamu haukuwa kwenye uchache. Aliyetaka usukani ule na mkia ule aliweza kuupata bila kulipia jina.

Ndiyo maana la Balboni lenye e-gear ndilo gumu kulitetea kuliko yote: unalipia mstari, na unachoendesha ni LP 550-2. Lenye kijiti ni jambo jingine. Na ukikuta LP 550-2 la kawaida lenye kijiti, lililotunzwa, tairi mpya pande zote, kwa bei ya chini kuliko la Balboni lenye vidole, chukua hilo la kawaida na uliendeshe.