"Tutakupigia" si siku

Jana khalati yangu alikuja kunitazama na bakuli la mahamri, akakaa ukingoni mwa kitanda, akanipapasa mguu, akasema, "Mwanangu, subira huvuta heri." Nampenda khalati. Ila yeye ni mtu wa nane wiki hii, na nusura nimwambie: subira ninayo, khalati, nisichokuwa nacho ni siku.

Oktoba iliyopita tulivishwa fulana za waridi, tukatembezwa mjini na ngoma mbele, tukaambiwa wanawake jichunguzeni. Haya, nimejichunguza. Siku 24 zilizopita nilikuwa naoga, kidole kikakwama. Titi la kushoto, upande wa kwapani, kitu kama kokwa ya ukwaju. Sasa wale wenye vipaza sauti mbona hawakutuambia sehemu ya pili? Kwamba ukishakiona, ndio kwanza unaanza kungoja?

Hospitali niliyokwenda hapa Malindi walinipiga picha ya ultrasaundi. Daktari alikitazama kioo kwa muda ambao sikuupenda, akasema kingo zake hazimridhishi, afadhali kitolewe kinyama kikapimwe. Akanambia pia, na ni kweli, kwamba vivimbe vingi vya titi si kansa. Kuna vya maji, kuna vya nyama tu visivyodhuru. Vingi. Nimelala na neno hilo na nimeamka nalo. Vingi si vyote, hata mtoto wa chuoni ajua.

Sindano yenyewe sina neno nayo. Waliniganzisha, nikasikia mlio kama wa stepla mara nne, basi. Kilichonishangaza ni kilichofuata. Sista alinikabidhi kichupa chenye jina langu, kimefungwa plasta kifunikoni, ndani vijinyama vyembamba kama nyuzi vinaelea kwenye dawa, akanambia, "Mama, peleka maabara Mombasa." Mimi mwenyewe! Nikakitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha nikaitia mkobani, mkoba nikaukumbatia kwenye matatu kilomita 120. Kila tuta nilikuwa nafungua zipu kuona kama kimevuja. Kilifi wachuuzi wakaja dirishani na korosho, na mimi wajuao wanajua, Kilifi sipiti bila korosho. Siku hiyo niligeuza uso. Ningekulaje, kipande cha titi langu kikiwa pajani?

Pale maabara msichana wa kaunta alikipokea, akanipa risiti, akasema, "Tutakupigia." Lini? "Yakiwa tayari."

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sisemi kwamba wafanye haraka. Nimeuliza, nimeelezwa: kile kinyama lazima kilowe dawani, angalau saa 6, kisha kigandishwe kwenye nta, kikatwe vipande vyembamba mno, kitiwe rangi, halafu akisome bingwa kwa hadubini. Kisomwe vizuri, sitaki kisomwe kwa pupa. Na msichana wa kaunta nilimwona, yuko peke yake na foleni imefika ngazini. Sawa, nimekubali. Lakini fundi wangu wa nguo, ambaye Malindi nzima twajua ni muongo, hunipa siku! Husema Ijumaa. Atanipa Jumatatu, na mkono mmoja umepinda, lakini ile Ijumaa nilikuwa na pa kusimama, nilikuwa na kitu cha kugombana naye. "Tutakupigia" hugombani nayo. Inakufuata chooni. Simu nimeiweka kwenye ndoo iliyopinduliwa nje ya bafu ili niisikie. Namba ngeni ikiita moyo unadondoka, napokea mikono ina povu, kumbe ni mtu kakosea kutuma pesa, au kijana anayeniuzia mkopo. Swala ya Alasiri juzi nimesahau nimesali rakaa ngapi.

Shirika la Afya Duniani linataka uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mwanamke afike hospitali mara ya kwanza. Niliposoma nilihamaki, kisha nikahesabu. Kwa hesabu za hao wakubwa wa Geneva mimi naenda vizuri sana.

Kosa langu moja nalikiri: nilimwambia binamu yangu. Mmoja tu. Kufika Magharibi mtaa wetu wote wa Shela wamejua, hata muuza mbaazi ananiongezea tui bila kusema kitu. Mmoja kaniletea habasoda, mmoja kasema ni kijicho, mmoja kanihadithia habari za wifi yake hadi mwisho, na mwisho wenyewe ni makaburini. Tafadhali. Ukija kwa mtu anayengoja majibu, njoo ukoshe vyombo.

Ninachofanya mimi ni kushona kofia. Nilikuwa nimeacha tangu mwaka juzi. Kofia haikupi nafasi ya kuwaza, ukiwaza tundu zinakupotea. Mstari mmoja nimeufumua mara tatu. Na nimejiwekea sheria: kile kivimbe nakigusa mara moja kwa siku, asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nakibonyeza mpaka kikauma, kisha naogopa kwa sababu kinauma. Usiku simu haiingii chumbani. Sheria hii ya mwisho naivunja.

Ijumaa iliyopita mdogo wangu alichoka nami. Akanyakua risiti, akapiga namba iliyoandikwa juu, akanyamaza zimwishie zile nyimbo za kusubirisha, kisha akasema kwa ile sauti yake ya ualimu: "Dada yangu, siulizi majibu. Nauliza siku." Kukawa kimya. Tukasikia karatasi zinafunuliwa. Alhamisi, akaambiwa, baada ya saa nne. Akaiandika nyuma ya risiti kwa kalamu nyekundu, akaipachika kwenye mlango wa friji.

Usiku ule nililala. Hofu ipo vilevile, haikupungua hata chembe, ila nililala mpaka adhana.

Alhamisi ni keshokutwa. Wa tuktuk nimeshamwambia aje saa kumi na moja alfajiri. Mdogo wangu tunakwenda naye, na amesema Kilifi tutanunua korosho, kwenda na kurudi, na tutazila.