Walifundishwa Kusoma, Si Kujibu

Mwaka 1647 koloni la Waingereza la Massachusetts, huko Amerika Kaskazini, lilipitisha sheria iliyoanza kwa kumlaumu Shetani. Hila yake ya tangu zamani, ilisema, ni kuwaficha watu Maandiko. Kwa hiyo kila mji uliofikisha kaya 50 uweke mwalimu. Wanaowasifu Wapuritani, Waprotestanti wenye msimamo mkali walioliongoza koloni hilo, hushikilia hapo, na wana haki. Jamii zilizotaka mtoto wa mkulima ajue kusoma hazikuwa nyingi karne ile.

Tena hawakusoma juujuu. Mtoto alianza na kibao chenye mpini, karatasi yake ya alfabeti na Sala ya Bwana imefunikwa utando mwembamba wa pembe ili vidole visiichafue. Vitabu vilikuwa vichache, vikarudiwa kwa sauti nyumbani mpaka vikakaa moyoni. Mary Rowlandson alitekwa mwaka 1676, katika vita vya walowezi na wenyeji, na bintiye mdogo akamfia mikononi. Mmoja wa wenyeji alimpa Biblia iliyotoka kwenye nyara za Medfield, mji wa walowezi. Akafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 28, akakutana na laana tupu. Hakuifunga. Alisoma hadi sura ya 30, penye ahadi ya rehema. Usomaji wa namna hiyo nauheshimu sana.

Lakini kusoma na kuandika vilifundishwa kila kimoja kwa wakati wake, na wasichana wengi waliishia kwenye kusoma. Walipokea neno bila kupewa kalamu ya kulijibu. Ndiyo maana wanawake wengi walitia alama tu kwenye nyaraka badala ya saini. Hata mwanamume mwenye kalamu hakuwa salama: mwaka 1650 kitabu cha mlowezi William Pynchon kuhusu wokovu, kilichopingana na mafundisho ya Wapuritani, kilichomwa moto hadharani Boston.

Wapo watakaosema kila serikali ya zama zile ilichoma vitabu. Ni kweli, ila si kila serikali iliwaambia raia wake wayachunguze Maandiko wenyewe. Hapo ndipo kosa la Wapuritani linaponiuma.

Miaka kumi kabla ya sheria ile, Anne Hutchinson alishtakiwa kwa kukusanya watu nyumbani kwake na kuchambua mahubiri. Gavana John Winthrop alimtaka aonyeshe idhini. Akamjibu kwa Waraka kwa Tito: wanawake wazee na wawafundishe walio vijana. Aya ipo, naye aliijua vizuri. Mahakama ikamfukuza kwenye koloni.