Timu ya mfumo wa korosho: ujuzi uanzie kwenye zana au ghalani?

Chama kikuu cha ushirika kinapotafuta timu ya kuunda mfumo wa makusanyo na malipo ya korosho, sifa za wataalamu huweza kuandikwa kwa njia mbili. Ya kwanza huanza na zana: lugha za programu, aina ya kanzidata, vyeti vya usalama wa mtandao, miaka ya uzoefu. Ya pili huanza na kazi yenyewe: tangu kilo inapopimwa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, hadi fedha inapoingia kwenye akaunti ya mkulima, nani ajue nini ili kitu kisipotee njiani. Kila njia ina hoja nzito, na ikichaguliwa vibaya, anayeumia ni mkulima wa Tandahimba au Ruangwa.

Wanaotetea zana wana jambo. Ujuzi huo unapimika. Mpe mwombaji saa mbili atengeneze jedwali la malipo, kisha angalia fedha ameihifadhi vipi. Akitumia namba za desimali zinazoelea, badala ya namba kamili au desimali thabiti, hesabu itakosea kidogo kidogo kila inapojumlishwa. Malipo yakiwa ya wakulima maelfu, mwisho wa siku zinabaki shilingi zisizo na mwenyewe na mhasibu hawezi kufunga vitabu. Upo pia mpango wa SFIA, ulioanzia Uingereza, unaopanga ujuzi wa TEHAMA katika ngazi 7 za uwajibikaji. Faida yake kubwa ni kumtenganisha anayefanya kazi kwa maelekezo na anayebeba dhamana ya uamuzi. Kijana wa ngazi ya 3 anaweza kuandika programu safi kabisa. Kumwachia peke yake aamue nani aone namba za akaunti za wakulima ni kumtwika mzigo usio wake, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023.

Lakini orodha ya zana haisemi lolote kuhusu unyaufu. Tani 20 zilizopimwa AMCOS zikiwa na unyevu wa asilimia 10, zikifika ghala kuu zimekauka hadi asilimia 8, mzani utasoma kilo 19,565. Kilo 435 zimepungua na hakuna aliyeiba hata punje. Mtengeneza programu asiyelijua hili ataweka sharti kwamba kilo za ghala zilingane na za AMCOS, na mzigo utagoma kupokelewa huku malori yamepanga foleni. Au atalegeza sharti, akubali tofauti yoyote, na wizi utapita humo humo. Anayeijua kazi atadai unyevu upimwe na kuandikwa pande zote mbili, mfumo ukokotoe upungufu unaotarajiwa, na kinachozidi hapo kisipite bila jina la aliyekiidhinisha.

Majina nayo yana mtihani wake. Katika kijiji kimoja cha Newala unaweza kuwakuta watu watatu wenye majina matatu yaleyale, na mmoja wao ameandikwa Mohamedi kwenye daftari la salfa ya ruzuku (dawa ya mikorosho), Muhamadi kwenye daftari la AMCOS, Mohammed benki. Namba ya simu haitoshi kuwatofautisha, kwa sababu simu moja huhudumia nyumba nzima. Namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20 inasaidia, ila karani anayeiandika kwa mkono jioni, watu wamejaa dirishani, atakosea tarakimu. Kwa hiyo ujuzi unaotakiwa hapa ni wa kusafisha taarifa: kulinganisha madaftari, kutenga majina yenye shaka, kuyarudisha kijijini yahakikiwe kabla ya msimu. Ni ujuzi adimu, na hauonekani kwenye vyeti.

Kangomba, yaani ununuzi haramu wa korosho nje ya mfumo rasmi, ni mfano mgumu zaidi. Kanuni inayozuia kilo zisizowiana na idadi ya mikorosho ya mkulima itamnasa mnunuzi haramu. Itamnasa pia mama aliyeleta mzigo wa shangazi yake mgonjwa. Uamuzi wa kuzuia, au kupokea na kuweka alama ya uchunguzi, si wa mwandishi wa programu. Kwa maoni yangu alama ni bora kuliko kufuli, mradi awepo mtu wa kuifuatilia kabla ya malipo.

Upande wa pili nao una udhaifu wake. Timu ya watu wanaoijua korosho tu itahamishia daftari kwenye kompyuta pamoja na kasoro zake zote. Chukua kishikwambi cha karani mahali penye mtandao wa kusuasua: anatuma risiti, jibu halirudi, anabonyeza tena. Kama kifaa hakiipi kila risiti namba yake ya pekee kabla ya kuituma, seva itapokea risiti mbili na mkulima atalipwa mara mbili, kisha atakatwa kwa kelele msimu unaofuata. Hilo ni suala la uhandisi. Uzoefu wa ghala hauwezi kulitibu. Kuna na undugu: mtaalamu wa hapahapa huenda ana mjomba kwenye bodi ya AMCOS, ndiyo maana anayesajili akaunti asiwe yeye anayeidhinisha malipo.

Hata hivyo ukaribu una thamani yake. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua zilizokata barabara ya Dar es Salaam–Lindi, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, mtandao ukazorota nchi nzima. Yote mawili yangetokea Novemba, katikati ya minada, mfumo unaotegemea fundi wa mbali ungesimama.

Nikipima, naanza na ghala, kisha nadai zana. Mambo matatu yakae ndani ya chama moja kwa moja: uchambuzi wa mahitaji unaoshika hesabu za makato na mgawanyo wa malipo, usafi wa taarifa za wakulima, na uwezo wa kurejesha mfumo kutoka nakala rudufu, uwezo uliojaribiwa kwenye mashine nyingine. Tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania lipo Mtwara. Mhasibu aliyefundishwa kuandika mahitaji ya mfumo ana manufaa kuliko mwandishi wa tatu wa programu. Muundo wa kurasa, ukaguzi wa usalama, na kuunganisha mfumo na benki au na minada ya TMX (Soko la Bidhaa Tanzania), iliyoanza kutumika kwa korosho msimu wa 2024/25, vinaweza kununuliwa kwa mkataba, mradi msimbo na funguo za seva vibaki mikononi mwa chama.

Kwenye usaili, hesabu ile ya unyevu wapewe wote, mhandisi na mhasibu, na waitatue wakiwa meza moja. Timu ikiajiriwa Januari, isisubiri korosho za Oktoba ndipo ijaribiwe. Ufuta wa Lindi nao, kama korosho, huuzwa kwa stakabadhi ghalani (mzigo hukaa ghalani hadi uuzwe kwa mnada), tena katikati ya mwaka: AMCOS mbili za ufuta zitaonyesha mapema risiti zinazojirudia na majina yanayogongana, mzigo ukiwa bado mdogo.