Namba Zetu Zinapanda, Haziteremki

Miaka kadhaa iliyopita nilipata kibarua cha wiki tatu, mdadisi wa utafiti wa kaya katika wilaya ya Chamwino, hapa mkoani Dodoma. Kishikwambi mkononi, kofia kichwani, maswali kibao: mnakula milo mingapi, maji mnayafuata dakika ngapi, choo kina mfuniko au hakina. Kaya ya nne siku ile ilikuwa ya bibi mmoja niliyemkuta anapepeta mtama. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuungaunga, “Mbukwenyi bibi,” akaitikia, akanisogezea kigoda, akajibu yote bila kunung’unika. Nilipofunga kishikwambi akaniuliza: “Mjukuu wangu, mwaka juzi alikuja mwenzako akaniuliza haya haya. Yale majibu yangu mliyapeleka wapi?”

Nikamjibu kwamba yanaisaidia serikali kupanga maendeleo, maneno tuliyofundishwa kwenye semina. Akacheka, akarudi kwenye ungo wake.

Dodoma tuna njaa ya mvua, hatuna njaa ya utafiti. Tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007. Tuna Chuo cha Mipango, ambacho wanafunzi wake huzunguka vijijini na madodoso kila mwaka. Makutupora na Hombolo kuna vituo vya utafiti wa kilimo, na Mpwapwa kuna kituo cha mifugo cha siku nyingi kilichotupatia ng’ombe anayeitwa kwa jina la mji huo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo makao yake yako hapa hapa mjini. Zamani tulikuwa na kisingizio kwamba namba zetu zinapanda basi kwenda Dar es Salaam. Siku hizi zinaishia kilomita chache kutoka kijijini zilikotoka, na bado hazirudi.

Nianze na maji, maana hapa kwetu kila mazungumzo huishia kwenye maji.

Jiji linakunywa kwa sehemu kubwa kutoka visima vya Makutupora, kaskazini mwa mji. Tangu miaka ya 1950 kulikuwa na watu waliopima kina cha maji kwenye eneo lile na kukiandika. Mkoloni akaondoka, Azimio la Arusha likaja likapita, wapimaji wakabadilishana zamu, kazi ikaendelea. Sijui kama kuna kazi isiyosifiwa kuliko hiyo: kushusha kamba kisimani, kusoma, kuandika, kurudi nyumbani. Matokeo yake ni rekodi ya miaka 55, na mwaka 2013 watafiti wa hapa nchini na wa Uingereza waliichambua katika jarida la Nature Climate Change. Walichokikuta kinapaswa kubandikwa kwenye ukuta wa kila ofisi ya ardhi ya mkoa huu. Mvua yetu ya kawaida, hizo milimita 500 na kitu hadi 600 kwa mwaka, haifiki chini sana. Inalowesha udongo, inaotesha mtama, kisha jua linachukua chake. Kina cha maji kinashuka mwaka baada ya mwaka, mpaka uje msimu mmoja wa mvua kubwa kupita kiasi, kama ule wa El Niño wa 1997/98, ndipo hazina ile inajaa tena. Kwa maneno mengine, tunaishi kwa akiba ya misimu michache ya gharika.

Utafiti uliofuata ukaongeza jambo: maji hayo mengi hupenya kupitia makorongo, vitanda vya mchanga vya mito ya msimu kama Kinyasungwe Mdogo. Korongo ambalo mwezi wa nane mtu analiona kama uwanja mtupu wa kuchezea mpira ni mlango wa kisima cha jiji zima.

Sasa simama kandokando ya barabara yoyote ya kutoka mjini uhesabu malori ya mchanga. Mji unajengwa, sikatai. Sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 katika iliyokuwa manispaa, ya 2022 ikakuta 765,179. Watu hao lazima walale ndani ya nyumba, na nyumba haijengwi bila mchanga. Lakini katika vikao nilivyowahi kukaa nyuma kama msikilizaji, iwe ni suala la kuchimba mchanga au la kupima viwanja karibu na korongo, sijasikia mtu hata mmoja akiuliza: rekodi ya Makutupora inasemaje? Hoja zinazotawala ni mapato ya ndani na malalamiko ya vumbi. Ushahidi wa miaka 55 uliopatikana umbali wa safari ya bodaboda haumo chumbani.

Sehemu ya sababu ni lugha, na hapa nitasema kwa ukali kidogo. Sheria inamtaka diwani ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Wengi wa madiwani wetu ni watu wa Kiswahili, wenye akili na uzoefu wa kata zao kuliko mtaalamu yeyote. Tafiti karibu zote zimeandikwa kwa Kiingereza cha kitaalamu, kurasa themanini, majedwali yasiyo na maelezo. Mtafiti anapata shahada yake, nakala inawekwa maktaba, na kijiji kilichojibu maswali hakipati hata karatasi moja. Nimewahi kumsikia mtaalamu akilalamika kwamba madiwani hawapendi takwimu. Kaka, uliwapa lini?

Sehemu nyingine ni mapenzi yetu kwa wastani. Redio ikitangaza utabiri wa Vuli na Masika, nusu ya nchi inasikiliza kwa makini, nasi tunasikiliza kwa adabu tu, kwa sababu Dodoma ni mkoa wa mvua za Msimu, zinazoanza Novemba au Desemba na kuaga Aprili. Hata hizo jumla yake haikwambii kitu. Mwaka mmoja milimita 550 zimegawanyika vizuri, mwaka mwingine milimita zile zile zimeshuka kwa dhoruba chache, katikati yake kiangazi cha wiki tatu kimeunguza mimea ikiwa magotini. Kwenye taarifa ya mwaka miaka hiyo miwili inafanana. Kwenye ghala la bibi yule haifanani hata kidogo.

Kongwa, wilaya nyingine ya mkoa huu, tuna kumbukumbu ya gharama ya kupanga bila kuijua mvua na ardhi. Mwaka 1946 ujumbe kutoka Uingereza ulizunguka Tanganyika kwa wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, ukarudi na ripoti kwamba karanga zitastawi. Mwaka uliofuata matrekta yakafika. Kiangazi kikaugeuza udongo kuwa saruji, majembe yakavunjika, mvua haikufuata makadirio, na mwaka 1951 mradi ukafungwa baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Mgogo yeyote mchunga ng’ombe angewaeleza habari za ardhi ile bure, kwa kikombe cha maziwa. Watu hupenda kuisimulia hadithi hii kama kichekesho cha wazungu. Mimi kila nikiona mradi wa leo ulioandikwa ofisini bila mtu kukanyaga kata husika, sicheki.

Ila nisiwape watafiti taji la bure. Namba nazo hukosea, hasa pale swali linapokuwa la mtu asiyelima. Kwa miaka mingi viongozi wamewahimiza wakulima wa Dodoma waache mahindi wapande mtama na uwele, na kwa upande wa ukame wako sahihi kabisa. Wakulima wanaitikia, kisha wanapanda mahindi. Taarifa zinaandika kuwa elimu zaidi inahitajika. Hapana. Dodoso linauliza gunia ngapi kwa ekari. Haliulizi nani aliamka alfajiri kuamia ndege. Kwelea kwelea wakitua kwenye mtama uliokomaa, shamba linakwisha huku unatazama, kwa hiyo anakaa mtoto shambani na kombeo, na siku hizo shuleni kiti chake kiko wazi. Halafu kuna kukoboa, halafu kuna bei, kwa sababu pale kwenye soko la nafaka la Kibaigwa mnunuzi wa lori anaulizia mahindi kwanza. Mkulima ameshapiga hesabu yake, na ina safu nyingi kuliko dodoso letu. Sera iliyojengwa juu ya gunia kwa ekari peke yake itaendelea kumwita mkaidi.

Wapo waliofanya vizuri, na tena ni hapa hapa. Kongwa hiyo hiyo, kuanzia miaka ya 1980, kulikuwa na utafiti wa muda mrefu wa ugonjwa wa vikope, trakoma, uliokuwa ukipofusha watu wazima baada ya kuwasumbua tangu utotoni. Watafiti walikaa na kaya, wakachunguza nani ndani ya nyumba huamua maji yatumikeje, wakagundua kwamba kikwazo cha kuwanawisha watoto uso si umbali wa maji tu, ni pia imani kwamba kunawa kunahitaji maji mengi. Wakawaonyesha akina mama kwamba maji kidogo tu yanatosha nyuso nyingi. Kisha wakalinganisha: vijiji vitatu vilipewa dawa na kampeni ya kunawa uso, vitatu vikapewa dawa peke yake. Matokeo yalichapishwa 1995: penye kampeni, vikope vikali vilipungua zaidi. Leo usafi wa uso ni sehemu ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya trakoma. Kilichofanya kazi pale ni kwamba swali lilianzia jikoni kwa mama, na jibu lilirudi jikoni kwa mama.

Hilo la kurudi ndilo ninalolililia. Ingia zahanati yoyote umkute muuguzi amezungukwa na vitabu vya MTUHA, vya kuandikia taarifa za wagonjwa na huduma. Mchana anahudumia, jioni anapiga tali: kuhara wangapi, malaria wangapi, watoto wenye uzito pungufu wangapi. Mwisho wa mwezi namba zinapanda wilayani, zinaingia kwenye mfumo, zinageuka michoro ya rangi kwenye mikutano ya watu wengine. Muuguzi anaanza kitabu kipya. Itagharimu nini kubandika karatasi moja kwenye mlango wa zahanati hiyo, kwa Kiswahili: mwezi huu kuhara watoto kadhaa, mwezi uliopita kadhaa, na wanatoka kitongoji gani? Mtendaji aisome kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya michango ya madawati. Na ule msimu wa bajeti za halmashauri, mwezi wa kwanza na wa pili, diwani akiomba kisima, aje na karatasi ya kata yake, na anayemnyima kisima naye aoneshe ya kwake.

Diwani mmoja rafiki yangu huniambia kwamba takwimu zinaweza kupikwa. Kweli zinapikwa, na ndiyo sababu nyingine ya kuzisoma mbele ya wenyewe.

Mwezi uliopita nilipita kijiji kile kwa msiba wa jamaa, nikamtafuta bibi. Yu mzima, amepungua macho. Nikamwambia nimemletea majibu yake, yale ninayoyakumbuka, nikamhesabia: milo miwili, choo bila mfuniko, maji nusu saa.

“Nusu saa ni kwenda,” akasema. “Wewe uliuliza kwenda. Foleni je? Na kurudi na ndoo kichwani?”